Mguu wa Kushoto wa Meza

Mathenge ukipasuliwa kwa msumeno, unga wake hutoa harufu tamu kidogo, nami huivuta kwa raha ambayo sitaificha kwenu. Hapa Lodwar watu huuchoma mti huo makaa bila kuufikiria. Mimi nina kinyongo nao tangu darasa la tatu.

Mwiba wake ulitoboa akala ya baba, soli ya tairi na unene wake wote, akichunga mbuzi huko Lopur. Jeraha likaoza, na hospitalini wakakata mguu wa kushoto kwenye kifundo. Alirudi nyumbani Kakuma na mguu wa bandia. Mbuzi wakaenda kwa ndugu zake, na akala ya kushoto ikabaki ikining'inia ukutani. Nilikuwa nikiitazama kila wakati wa kula.

Baba akaamua kuwa seremala wa nyumbani. Kwanza alihitaji meza ya kazi, nzito, isiyotikisika akipiga randa. Mwalimu wake alikuwa fundi Lual, Msudani Kusini wa kambi ya wakimbizi, mtu wa mzaha, mrefu hadi mlango wetu alikuwa akiuinamia. Alituletea mbao za saiprasi kutoka Kitale. Baba akazikandamiza kwa ukucha, zikabonyea. Lual akaleta mbao za masanduku ya mizigo, ambazo mchwa walikuwa wameshazionja.

"Sasa mnataka nini, chuma?" Lual akauliza.

"Mathenge," nikadakia. "Ile ile ilichoma baba. Tuikate, tuipige nyundo kila siku."

Lual akacheka. "Ekai, huyu mtoto yako ana roho mbaya."

"Mathenge ni ngumu, mchwa haiwezi," baba akajibu. "Hiyo ingine ni maneno ya mtoto."

Maneno yale yaliniuma. Nilimwona baba ameusamehe mti ule, tena upesi mno.

Tulikwenda Lopur na punda, baba akanionyesha mti wenyewe uliomchoma, tukaukata. Ulikuwa umepindapinda, haukutoa ubao hata mmoja mrefu, kwa hiyo uso wa meza ukaungwa kwa vipande vifupi vilivyobanwa kwa bolti. Nilipewa nyundo nigongee vigingi, nikagonga hadi viganja vikatoka malengelenge. Sikumbuki furaha kama ile.

Ila mguu mmoja wa meza ulitoka mfupi.

"Umepima na macho ama na tumbo?" Lual akamtania.

"Nimekosea," baba akasema, akauongezea kipande cha saiprasi chenye mpira chini ili usiteleze. Nilimwonea aibu. Siku zile zile akala ikatoweka ukutani, nikadhani mama ameitupa.

Baba alifariki mwaka jana, nami nikaileta meza Lodwar kwa lori. Vijana walipoishusha waliipindua, nikaona miguu yake kwa chini. Ule wa mbele kushoto ulikuwa umekatwa mara moja, kwa mkono usiosita, na mtu aliyekuwa akipima hadi tunachoka kumngoja. Chini ya saiprasi ilikuwa imepigiliwa akala ya kushoto. Nikaingiza ncha ya msumari kwenye tundu la mwiba, ikaenea.

Nikacheka peke yangu, machozi yakinitoka. Miaka yote nilidhani hasira ile ni yangu tu.

"Madam, hii mguu imekatika," kijana mmoja akasema. "Tukuwekee ingine nzima?"

"Wacha hivyo," nikamwambia. "Baba alikata mwenyewe."