Watoto Wakavu wa Namwase

Mvua ya Mbale hushuka kutoka mlimani kama mtu anayetembea. Unaiona mapema, nyeupe, ikipita juu ya migomba, na kabla hujamaliza kuanua nguo imekwisha kufika mlangoni na baridi yake mgongoni.

Namwase alizaliwa Budondo, upande wa Jinja, kwenye joto, na miaka kumi na tisa ya Mbale haikumzoesha baridi hiyo. Mume aliyemleta huku alifariki akamwachia chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la jumla la sabuni. Humo ndimo alimoanza kulea watoto wa wanawake wanaofanya kazi mjini, tangu asubuhi mpaka jioni. Walikuwa wanane, wa miaka miwili hadi minne. Walimwita Jaja, yaani bibi, na mama zao nao wakamwita hivyo hivyo.

Jioni mama alipofika, kabla salamu hazijaisha, mkono wake ulikuwa tayari ndani ya sweta ya mtoto. Aligusa mgongo, akagusa nyayo, akapapasa nywele. Mtoto mkavu ndiye aliyetunzwa. Mtoto mbichi alinyeshewa, na aliyenyeshewa ataamka na homa ya mapafu. Kulikuwa na walezi mjini waliopoteza kazi kwa sababu ya fulana moja yenye unyevu.

Namwase hakuwahi kurudisha mtoto mbichi. "Watoto wa Jaja wanatoka kama mkate wa tanuri," wanawake walisema, naye maneno hayo aliyapenda. Mvua zilipoanza mwezi wa tatu, aliwakalisha watoto kwenye mkeka, migongo ukutani, sweta mbili mbili, soksi na kofia. Aliyeinuka alirudishwa.

"Kaa, mwanangu. Ukikimbia utatoa jasho."

Wakakaa. Wakanywa uji, wakatazama mvua, wakalala, wakaamka, wakakaa.

Mmoja wao alikuwa Shakul, wa miaka mitatu, mtoto wa Nuriat anayeuza kanzu na vitambaa sokoni. Shakul aliletwa Januari, wakati wa kiangazi, na kazi yake kubwa ilikuwa kumkimbiza kuku wa jirani. Siku moja mwezi wa sita, mvua ikiwa imepumzika, kuku yule aliingia ndani akijikung'uta, akapita mbele ya mkeka. Shakul alimtazama akipita. Kisha akamnyoshea Namwase mikono yote miwili.

"Jaja, nibebe nimshike."

Namwase alimsimamisha. Mtoto akapiga hatua chache, akachoka, akakaa chini bila kuambiwa. Namwase akamkanda miguu, akitafuta ugonjwa, asiuone. Alipoinua macho aliona ukuta. Juu ya mkeka palikuwa na madoa manane ya mafuta, yamepangana vizuri, mahali vichwa vilipokuwa vikiegemea tangu mvua zianze.

Kesho yake aliwavua watoto sweta moja moja, akakunja magodoro katikati ya chumba.

"Leo tunapanda Wanale!"

Wanale wanaujua wote. Ndio mlima unaosimama juu ya mji. Magodoro yakawa mlima, benchi likawa pango la kupita kwa magoti, na leso iliyotandazwa sakafuni ikawa mto wa kuruka. Daphine, binti wa Betty askari wa jela, alikuwa wa kwanza kufika kileleni. Shakul alipanda kwa mikono, akakwama katikati, akalia. Namwase hakumbeba. Aliweka kiganja chake chini ya unyayo mdogo, akangoja mpaka unyayo ukasukuma.

Jioni Nuriat alitia mkono ndani ya sweta ya mwanawe, akauacha humo.

"Jaja, huyu amenyeshewa?"

"Hapana, Mama Shakul. Jasho."

"Jasho? Na baridi hii? Mimi nimebeba marobota toka asubuhi, sijaona jasho!"

Betty, akiwa bado na sare, akacheka. "Labda Jaja amempeleka shamba kulima."

"Cheka tu, Afande. Umeshika wako?"

Betty akamshika wake, akaacha kucheka. "Ee! Wangu pia mbichi."

Uongo ulikuwa karibu: kikombe kimemwagika, basi, mambo yaishe. Namwase alimtazama Shakul, ambaye alikuwa ameshanyosha mikono abebwe.

"Mama Shakul, huyu mtoto ulinipa anakimbia," alisema. "Sasa akiona kuku anataka kubebwa. Ni mimi. Nilimkalisha ukutani miezi yote hii, nikurudishie mkavu."

"Ulimweka kama gunia?"

"Kama gunia."

Nuriat alimwinua mwanawe. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka hata mwavuli akausahau, akarudi kuuchukua bila kumtazama mtu.

"Ungesema kikombe kimemwagika, Jaja," Betty alinong'ona.

"Kesho ningemwaga kingine."

Betty alimfuta Daphine mgongo. "Basi kesho naleta fulana ya pili. Ukimaliza kulima naye, mbadilishe."

Habari zilienda sokoni haraka kuliko mvua. Kesho yake Shakul hakuletwa, na watoto wawili wengine hawakurudi. Waliobaki walipanda Wanale kila siku, wakabadilishwa fulana, wakala kuliko zamani. Namwase aliusugua ukuta kwa sabuni, na alipofika mahali pa Shakul mkono wake ukaenda polepole. Usiku alijiuliza kama miguu ya mtoto husahau kabisa.

Siku ya tano, mchana, mvua ikinyesha, Nuriat alisimama mlangoni na Shakul mgongoni. Uso wake haukuwa wa amani.

"Nilimweka sokoni juu ya marobota, atulie. Jana akashuka peke yake. Akapanda tena. Namuuliza unafanya nini, anasema anakwenda Wanale. Kanzu zangu tatu nyeupe ziko kwenye tope."

"Pole, Mama Shakul."

"Pole ya nini? Si nimekwambia ameshuka peke yake!"

Akamfungua mtoto, akamsimamisha kizingitini, akatoa kwenye mfuko fulana mbili zilizokunjwa. Mkono wake ukaingia tena kwa mazoea ndani ya sweta ya Shakul, ukagusa mgongo mkavu, ukatoka.

"Jioni nikimkuta mkavu hivi hivi," alisema, "tutagombana."

Shakul alikwisha kwenda. Alitembea polepole hadi kwenye magodoro, akashika kwa mikono, akaweka goti, akateleza, akashika tena. Mama yake aliufungua mwavuli, akaufunga, akabaki kusimama pale mpaka alipokiona kichwa cha mwanawe juu kileleni.