Mkwaruzo Chini ya Sikio la Mfalme

Mama Gramu hakuwahi kuomba radhi kwa kusema ukweli, ndiyo maana kwenye sherehe za ukoo alikalishwa mbali na maikrofoni. Alikuwa sonara. Meza, mizani na koleo alirithi kwa marehemu mumewe, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kichwa cha bati, aliyenunua kila kilichong'aa. Miaka ishirini sasa mjane wake ananunua fedha kuukuu za kuyeyusha, na hajapigwa changa la macho hata mara moja. Ukutani kabandika sheria yake: SARAFU BANDIA NAKATA HAPA HAPA, MWENYEWE AKIONA.

Asubuhi moja akaingia shemeji yake, mume wa mdogo wake, karani wa ofisi ya maji ambaye mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi kwa ule mwendo wake wa kutanguliza tumbo. Mfuko mmoja ulikuwa na sarafu kumi na mbili za kale. Mwingine, barua ya kuacha kazi.

"Neno lako tu, shemeji. Mke wangu kasema ukizipitisha, barua naipeleka leo. Kesho mimi ni mfanyabiashara wa sarafu."

"Ulizipima kabla ya kununua?"

"Kwa sumaku! Haikunasa hata moja."

"Hata sufuria yangu hainasi. Nayo ni fedha?"

Akaweka ya kwanza kwenye mizani. Uzito barabara. Mkurugenzi akakunja nne. Mama Gramu akabana lenzi jichoni, akaitazama sarafu yenye kichwa cha mfalme, akachukua ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha.

"Huyu mfalme kakwaruzwa na nani chini ya sikio?"

"Ukale huo, shemeji. Zimezunguka sana."

"Zimezunguka zote kumi na mbili, zikakwaruzika pahali pamoja, urefu ule ule? Mtu kachukua sarafu moja ya kweli, kaifanyia kalibu, kisha kafyatua wenzake kama matofali. Na mkwaruzo wao humo humo!"

Mkurugenzi akakunjua nne.

Zikaja glasi ya maji na uzi. Akazining'iniza majini moja moja, zikipimwa upya. Madini hafifu hulazimika kunenepa ili yafikie uzito wa fedha, na yaliyonenepa maji huyabeba zaidi. Kumi na moja zilibebwa kama mabibi harusi. Moja tu haikudekezwa.

"Tapeli kajisahau," Mama Gramu akacheka. "Kakuuzia na mama yao."

Mkurugenzi akaruka. "Kumbe nimemtapeli tapeli! Unaona kipaji hicho, shemeji? Barua naipeleka!"

Mama Gramu akavuta mkasi wa kukatia bati, akaibana bandia ya kwanza. Kacha! Ndani shaba tupu, nyekundu kama ufizi.

"Hiyo angalau tungebakiza ya kumbukumbu..."

Kacha!

"Shemeji, taratibu basi, hizo nimezinunua kwa jasho langu!"

"Jasho gani, na wewe unakaa chini ya feni? Sogea, zisikurukie." Kacha!

Ya nne, ya tano. Kila mkasi ulipouma, bega la Mkurugenzi nalo lilishuka. Kabla ya ya saba aliangalia saa ya ukutani, akaona bado anaweza kuwahi zamu, akachomoa bahasha ya ile barua mfukoni na kuiweka mezani juu ya vipande.

"Kata na hii," akasema.

Ilikuwa laini. Haikutoa hata mlio.