Mpangaji wangu aliishi Kilema kwa Kiingereza kitupu, hadi jirani alipofiwa

Wakuu wa jukwaa hili, walio wadogo kwangu nimepokea shikamoo zenu. Wenzangu, poleni na kazi.

Mimi sikusoma. Anayebonyeza herufi ni mjukuu wangu Neema, nami nimemkataza kuongeza wala kupunguza neno. Ninayosema niliyaona kwa macho yangu.

Nyumba ndogo iliyo kihambani kwangu, katika shamba langu la migomba hapa Kilema, mlimani Kilimanjaro, nilimpangisha binti wa Kizungu, Katrin. Alifanya kazi ya utaalamu wa kahawa katika ofisi moja mjini Moshi. Huko wote wanaongea Kiingereza, ingawa hata kwao Katrin Kiingereza si lugha ya mama.

Alikuwa binti mwenye adabu. Lakini Kiswahili hakujifunza, Kichagga ndiyo usiseme. Nikimsalimu, anainua dole gumba na kucheka.

Kisha jirani yangu Mama Prisca akafiwa na mume.

Kwetu mtu huzikwa kihambani, nyuma ya nyumba yake. Kati yangu na Mama Prisca hakuna ukuta, kuna ua wa masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Kukiwa na msiba hakuna anayelima wala kufungulia redio. Wanawake hubeba ndizi na kuni kwenda kwa mfiwa.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia, mlangoni pake. Aliinua dole gumba.

Siku hiyo wenzake wa ofisini walipanda kuja kumtembelea. Wakachoma nyama, wakafungulia muziki. Ng'ambo ya masale vijana walikuwa wanachimba kaburi.

Shemeji wa Mama Prisca alivuka akanijia.

"Mama, mgeni wako ahame. Akibaki, sisi na wewe hatutaombana tena hata moto."

Tangu niolewe nimeishi na watu hawa.

Neema alikuwa amefika kutoka Soweto, mtaa wa mjini Moshi, kwa ajili ya mazishi. Akaenda kumweleza Katrin kwa Kiingereza. Binti alizima muziki, akalia. Akataka Neema aende akamwombee msamaha.

Nikakataa. Nilisema, "Kosa ni lake, aende mwenyewe."

"Bibi, atasema nini na lugha hajui?"

Asubuhi baada ya mazishi nilikata jani la isale pale mpakani. Kwa Mchagga, anayekuja na isale mkononi amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nikamshikisha Katrin kwa mikono miwili, nikatangulia.

Mama Prisca alikuwa mkekani, wanawake wakimenya ndizi. Katrin akapiga magoti, akanyoosha jani.

"Hata hajui alichoshika," shemeji akasema.

Mama Prisca akamjibu, "Mimi najua."

Akalipokea. Kisha akamwambia binti kwa Kiswahili, "Kaa."

Neema alifungua mdomo atafsiri. Nilimtazama, akaufunga.

Katrin akakaa. Akapewa kisu na ndizi, utomvu ukamchafua mikono yote. Mama mmoja akasema, "Huyu anatupa ndizi anatubakizia maganda." Wakacheka, na mfiwa akatabasamu kidogo. Neno "pole" Katrin alijifunza pale pale, kwa kuwasikia waliokuwa wakiingia, akamwambia mfiwa kwa mdomo wake.

Hakuhama. Shemeji hakulisema tena lile la moto. Ofisini binti anaendelea na Kiingereza chake, lakini akipita kwenye masale husimama akamwamkia Mama Prisca kwa Kiswahili, na mazungumzo yao hunicheleweshea chai.

Sikidharau Kiingereza, wakuu. Kinamlisha Katrin, na kesho kitamlisha Neema. Lakini jani lile lilijua kuomba msamaha tu. Kumpa mfiwa pole halikuweza; hilo lilihitaji mdomo wa binti.

Nimelisema hili kwa sababu Neema amepata kazi ya hoteli huko Polandi. Ananiambia Kiingereza kitatosha, kwa kuwa ndicho wanachotumia kazini. Nimemwuliza: ukimkosea jirani huko, utakata jani gani? Anabonyeza tu.

Basi nyinyi mnaoishi ugenini, changieni hapa chini. Atanisomea yote, hata ya kunikosoa. Na anayekijua Kipolandi amwandikie neno la kumpa pole mfiwa. La kuagizia chakula msihangaike nalo, hilo njaa itamfundisha.