Ubao wa Siku Ishirini na Nane

Mama yangu mdogo Thokozile, ambaye majirani walimwita MaSibindi kwa ukoo wa baba yake, alishona nguo kwa miaka ishirini na sita sebuleni kwake, katika nyumba ya kona, barabara mbili zinapokutana, hapa mtaani kwetu Bulawayo. Tumemzika mwezi uliopita. Mchungaji alisema mengi mazuri juu yake, na yote yalikuwa kweli, lakini habari ya ubao hakuisema kwa sababu hakuijua. Mimi naijua, na tangu tumzike sijaweza kuomba vizuri.

Desemba na Januari alishona sare za shule. Miezi mingine alishona blauzi nyekundu za akina mama wa sala ya Alhamisi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ulimi pia. Mama wa kanisa akija kupimwa akavuta tumbo ndani, alimwambia, "Liachie tu, mama. Bwana ameshaliona, na mimi ndiye nitakayelishonea."

Shida yake ilikuwa kiwanja. Katika ramani ya jiji mtaa wetu ni wa makazi, na anayefanya kazi nyumbani haruhusiwi zaidi ya mashine moja, wala kuajiri mtu wa nje. Yeye alikuwa na mashine nne na wanawake wawili wa kumsaidia. Mkaguzi alikuja mara mbili, na mara ya pili aliacha maandishi kwamba akirudi atafunga mlango. Lakini kanuni hizo hizo ziliacha nafasi ndogo: kiwanja cha kona kinaweza kubadilishwa kuwa cha duka la mtaa, mradi pasiwe na kingine cha namna hiyo ndani ya mita mia tatu. Maana yake, njia panda yetu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Aliuchora mpango wake kwenye karatasi ya kahawia ya kukatia magauni. Dirisha kubwa upande wa barabara, chumba cha mashine nyuma, ghorofa moja juu kwa ajili ya mpangaji, maana mbili haziruhusiwi, na mahali pa kuegesha magari matatu pale ilipokuwa mipera. Mumewe, baba mdogo Mkhululi Dlodlo, mstaafu wa reli, alizunguka na futi kuhakikisha ukuta utakuwa mita tatu kutoka barabarani.

"Mipera yangu umewapa watu wenye magari," alilalamika, "na hawajanunua hata kifungo."

"Watanunua. Wewe pima."

Ombi lilipopokelewa, jiji liliagiza ubao upigiliwe langoni kwa siku ishirini na nane, majirani wajue kinachoombwa, na mwenye pingamizi aandike. Barua ilikuja kwa Kiingereza, nikamsomea mimi, mwenye kidato cha nne. Ilisema wazi kwamba mkaguzi aweza kupita siku yoyote, na asipoukuta ubao, ombi limekufa.

Siku ya kumi na tisa baba mdogo alianguka uani akimwagilia mboga. Moyo. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshatutoka.

Tulitoa viti na makochi nje, kama inavyofanywa kwetu, tukamkalisha mama mdogo kwenye godoro kwenye kona, blanketi mabegani, na wanawake wakamzunguka. Mjane aliyekaa godoroni haulizwi habari za mali. Nyumba yenye msiba hata redio inazimwa. Hakuna anayeuza wala kununua humo. Kutoka Tsholotsho alikuja dada mkubwa wa marehemu, MaDlodlo, pamoja na watu wa ukoo. Alisimama langoni akaniuliza maandishi yale yanasema nini. Nikamwambia yanaomba pale pawe mahali pa biashara.

"Ndugu yangu yumo ndani ya sanduku," alisema taratibu, "na lango lake linatangaza duka? Watu niliokuja nao watasema mkewe alikuwa akisubiri afe. Ung'oe, mwanangu."

"Shangazi, hiyo ni amri ya jiji."

"Jiji limefiwa? Tukishazika mtaurudisha."

Majirani waliosimama pale waliitikia kwa vichwa. Sidhani kama kuna nyumba mtaani kwetu ambayo ingefanya vingine. Lakini katika watu wote wa pale, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeisoma barua. Ningeweza kuingia ndani nikamnong'oneza mama mdogo. Niliogopa kuonekana msichana aliyesoma anayembishia mkubwa mbele ya waombolezaji. Nikatafuta koleo, nikang'oa misumari minne, nikauficha ubao nyuma ya choo.

Mkaguzi alipita siku iliyofuata. Waliomwona wanasema alikuwa na adabu: alipoona moto wa matanga uani na watu wengi alivua kofia, akasimama kidogo, akaandika, akaondoka bila kubisha hodi. Baada ya mazishi niliurudisha ubao, nisimwambie mtu.

Barua ya pili ilikuja wiki sita baadaye. Tukaenda ofisini, yeye akiwa katika nguo nyeusi. Kijana wa idara ya mipango ya jiji alimpa pole, na naamini aliisema kwa moyo, kisha akageuza faili tuone: ubao haukuwepo. Ombi jipya lisingefaa tena. Mzee Mabhena, wa pembe ya ng'ambo ya barabara, alikuwa ameomba baada ya letu kuanguka, na ubao wake ulikuwa langoni tangu hapo, hakuna aliyeupinga. Ni mtu wa kanisa letu. Kwenye msiba alileta mfuko mzima wa unga.

Tulipofika kwenye ngazi za nje mama mdogo alisimama.

"Nani aliutoa?"

"Shangazi MaDlodlo aliagiza."

"Sikukuuliza nani aliagiza. Mkono ulikuwa wa nani?"

"Wangu, mama."

"Na barua uliisoma."

"Niliisoma."

Alifunga kitambaa chake upya kichwani. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kabla mwaka haujaisha mkaguzi alirudi, akafunga mlango wa sebule. Wale wanawake wawili walitafuta kazi kwingine. Mzee Mabhena alijenga alivyoruhusiwa, ghorofa moja juu na dirisha kubwa barabarani, na mama mdogo akapanga kona humo, penye nafasi ya mashine mbili. Alishona pale miaka mitatu, hadi alipougua. Watu walisema ana bahati amepata pa kukaa. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na hilo ndilo lililonitesa.

Mwaka jana, Ijumaa Kuu, baada ya ibada, nilimfuata nyumbani. Alikuwa mezani anakata kitambaa cha blauzi. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa maneno kamili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku zote zile.

Hakuacha kukata.

"Nilishakusamehe, Nomalanga. Ninaomba Baba Yetu kila siku, nisingeweza kuiomba bila hivyo. Ila usiniulize kama imeacha kuuma."

Halafu akanisogezea ncha ya pili ya kitambaa niishike isiteleze, naye akaendelea na mkasi.