Sikio Liko Mbali

Mwaka niliokataliwa shule, kosa lilikuwa la sikio. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, na huko kwetu juu ya Runyenjes sikumjua mtoto aliyekuwa nacho, kwa hiyo mwalimu mkuu alitupanga mstari mbele ya ofisi yake na kutuambia tupitishe mkono wa kulia juu ya utosi, tushike sikio la kushoto. Aliyelishika aliandikwa. Vidole vyangu viliishia kwenye nywele. Mwalimu mkuu alinitazama juu ya miwani yake, akasema, "Bado. Mwaka ujao." Mama akanishika mkono huo huo mfupi, tukarudi nyumbani.

Nililia siku mbili, kisha nikaanza kazi. Nilining'inia kwenye tawi la mparachichi nyuma ya jikoni ili mkono urefuke. Sikio lenyewe nililivuta juu kila nilipokumbuka, nikiamini litazoea kukaa karibu. Dada zangu walisema nitabaki na sikio la punda. Sikujali hata kidogo. Asubuhi moja, mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zinaanza, nilikuwa natoa majivu jikoni nikajaribu tu bila kutarajia lolote, na kidole cha kati kikagusa sikio. Nilimwaga majivu yote mlangoni. Kufikia Desemba niliweza kulishika sikio zima, nikalikunja, nikaliachilia, nikalikunja tena, na nilimfanyia hivyo kila mgeni aliyeingia kwetu kabla hajakaribishwa chai.

Sasa basi, sijui ni nani aliyewafundisha makondakta wa barabara ya Embu na Meru mtihani ule wa mwalimu mkuu, ila walikuwa wameuchukua wote kama ulivyo. Mtoto ambaye mkono wake haukufika sikioni alipakatwa na mama yake akasafiri bure. Aliyefika alikuwa wa shule, na wa shule alilipa nusu nauli. Kwa hiyo sikio lile lile ambalo lingeniingiza darasani Januari lingemtoa mama pesa Desemba.

Na Desemba hiyo tulikuwa na safari. Mama mdogo, aliyeolewa Meru mjini, alikuwa na cherehani na alikuwa ameahidi kunishonea yunifomu. Mama alikuwa na nauli yake ya kwenda na kurudi, na juu ya hapo pesa za mkate mmoja, kwa sababu mtu hakuingia nyumba ya mjini na nduma za shambani tu. Asubuhi hiyo, akinipaka mafuta miguuni, alinipa sheria kwa Kiembu.

"Ukiulizwa, sikio liko mbali."

"Lakini linafika, mama."

"Hapa nyumbani linafika. Kwa basi liko mbali."

Nilikubali. Njia nzima ya kushuka barabarani nilifanya mazoezi ya kutofika, na nawaambia kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya kufika. Mkono ulikuwa umeshaonja utamu, ulikwenda wenyewe.

Tulipanda. Mama akaweka kiondo cha nduma kwenye kiti cha dirishani, akakaa kando yake na kunipakata. Nikainua macho. Kiti kilicho mbele yetu kilikuwa na kofia ya rangi ya kahawia ambayo ningeijua popote. Ilikuwa ya mwalimu mkuu.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," mama alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto.

"Mzuri, mama," alijibu, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilimvuta mama kitambaa cha kichwa. "Ni yeye!"

"Nimeona."

"Na sikio?"

Mama alifikiri kidogo. "Hana macho kisogoni," alininong'oneza.

Kondakta alifika, kijana mwenye mkoba wa ngozi na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimkatia mama tikiti, kisha akanitazama kutoka juu hadi chini, na hapo chini akakaa sana.

"Na hii mtoto, mama?"

"Hiyo bado ni ndogo, kijana yangu. Ni ya kupakata tu."

"Ndogo, na miguu inagonga sakafu?"

"Hiyo ni miguu ya baba yake."

Watu walianza kucheka. Kondakta hakucheka. "Haya, kasichana. Leta mkono."

Niliuinua. Watoto wengine kwenye mstari wa shule walikuwa wakiinamisha kichwa upande wa mkono ili wafike. Mimi nilikiinamisha upande ule mwingine, nikakunja kiwiko, nikauma midomo, nikakodoa macho, hata nikakoroma kidogo kuonyesha jinsi ninavyojitahidi. Vidole vilisimama katikati ya utosi vikitetemeka. Sijawahi kufanya jambo lolote vizuri namna hiyo. Kondakta aliridhika, akafunga mkoba wake.

Hapo ndipo kofia ya kahawia ilipogeuka. Mwalimu mkuu alinitazama juu ya miwani, macho yale yale ya siku ya mstari, na kibaya zaidi, yalijaa huruma.

"Hata sasa bado?" alisema. "Pole, mama. Basi Januari hii angoje, tutamwona ile nyingine."

Mwaka mzima tena! Niliuona mparachichi. Niliwaona watoto wa jirani wakipita tena na vitabu vyao mimi nikiwa nimesimama na mbuzi. Niliisahau sheria ya mama, nikamsahau na mama mwenyewe. Nilirusha mkono juu ya kichwa, nikalikamata sikio la kushoto, nikalikunja na kulivuta hadi likauma.

"Linafika!" nilipiga kelele. "Mwalimu, linafika! Linafika tangu mvua! Niliambiwa liko mbali!"

Basi zima lililipuka kwa kicheko. Kondakta alipiga kofi mkoba wake kwa furaha. "Eeeh! Nusu! Hii ni nusu!"

Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha dukani. Nusu niliijua ni ya sukari, ile ambayo mama alinunua pesa zilipokuwa hazitoshi kilo. Nilikuwa nimeitwa bado, nimeitwa ndogo, na sasa, sikio likiwa mkononi mbele ya mashahidi, naitwa nusu. Nilisimama juu ya magoti ya mama.

"Mimi si nusu! Mimi ni mzima! Mimi ni mtu mzima!"

Nilimaanisha kwamba sijapungua kipande chochote. Kondakta alilichukua kama lilivyosemwa, akageukia abiria wote mikono kiunoni.

"Mmesikia nyinyi wenyewe? Mtu mzima analipa nauli ya mtu mzima."

"Na kodi pia alipe!" mzee mmoja alidakia kutoka nyuma.

"Aulizwe kama ameoa!" mwingine akasema, na kina mama wakamzomea kwamba hakuona hata mimi ni msichana.

Nilihisi magoti ya mama yanatetemeka chini ya miguu yangu. Hapo furaha iliniisha. Nilijua analia, na kwamba tukishuka nitalia mimi pia. Niligeuka polepole. Mama alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, mkono umeziba mdomo, na kila alipojaribu kusema neno lilimkatikia. Alipopata pumzi, alifungua fundo la leso yake akatoa pesa za mkate.

"Kata nusu," alimwambia kondakta. "Hiyo sikio yake nimelipia."

Kisha akakiteremsha kiondo cha nduma sakafuni, akanikalisha dirishani. Kiti changu. Mgongo wangu kwenye mgongo wa kiti, hakuna goti la mtu chini yangu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipangusa miwani kwa ncha ya tai, alimwinamia mama.

"Hiyo tikiti ya mtoto usiitupe, mama. Uje nayo Januari. Hiyo ndiyo cheti yake."

Alikuwa anatania. Lakini mama hakuamini kwamba walimu wakuu hutania, akaikunja tikiti mara nne na kuifungia kwenye leso. Mimi nilibaki nimelishika sikio hadi Chuka, asije mtu akabadilisha mawazo.

Meru tulifika na nduma tu. Mama mdogo alitazama kiondo, akatazama mikono ya mama, akangoja. "Mkate wako uko," mama alimwambia, akanielekeza kidole. "Huyu ameukalia." Yunifomu ilishonwa yenye pindo refu, na kila sindano ilipopita mama mdogo aliniita Mtu Mzima. Jina hilo ninalo hadi leo kwa binamu zangu.

Januari tulisimama tena kwenye mstari. Zamu yetu ilipofika, kabla sijainua mkono, mama alifungua leso na kuweka tikiti juu ya meza. Mwalimu mkuu aliisoma, akavua miwani, akalala juu ya daftari lake kwa kicheko hadi walimu wengine wakatoka nje kuona kuna nini. Kisha akaibana kwa pini kwenye ukurasa, akaniandika. Mkono hakuutaka hata kuuona. Nilimwonyesha tu, kwa lazima, mara tatu.

Mwaka juzi nilikuwa nampeleka mama kliniki Embu. Siku hizi mimi ndiye ninayelipa. Kijana wa nauli alipotufikia, aliuliza, "Ni wangapi hapa?" Kabla sijajibu, mama aliinua mkono wake wa kulia. Ulipanda hadi usawa wa bega, ukakwama. Ni mkono uliochuma kahawa miaka yote ile niliyokuwa shuleni, na bega lake halifunguki tena. Mama akauma midomo, akakodoa macho, akakoroma kidogo. Nilikuwa sijui kwamba siku ile aliniangalia vizuri hivyo.

"Haifiki," alimwambia kijana. "Mimi ni wa kupakata."

Kijana alinitazama, haelewi. Mtihani ule ulikufa kabla hajazaliwa. Nami sikuweza kumweleza, maana nilikuwa nacheka na kulia yote kwa pamoja, leso yangu iko mdomoni.

"Huyu ni mtu mzima," nilisema mwishowe. "Chukua yote."

Nilimkalisha mama dirishani. Alidai tikiti, na kijana, ambaye nadhani hakuwa ameombwa tikiti mwezi mzima, alitafuta kikaratasi na kumwandikia. Mama aliikunja mara nne, akaifungia kwenye leso.

"Ya nini sasa, mama?" nilimuuliza.

Alinyoosha shingo, akakagua kofia zilizokuwa mbele yetu moja baada ya nyingine.

"Huwezi kujua mwalimu ameketi kiti gani."