Pedali Zangu Juu ya Mbuzi ya Nazi

Leo mpishi wa harusi kaukalia ubao wangu wa pedali za gitaa, akakuna nazi.

Ubao wenyewe niliutengeneza kwa mbuzi ya mama. Inakunjika, inabebeka, na pedali, vile visanduku vya kubadili sauti ya gitaa, nilizifunga kwa mipira ya tyubu ili nizipange nitakavyo.
Nilijiona fundi.

Nafika harusini Mgogoni, mbuzi ya jikoni imevunjika mguu.
Bi Asha, mpishi mwenyewe, kaiona yangu.
"Zitoe hizo redio zako. Nazi zangoja."
Nikazitoa. (Nambieni, nyie mngembishia?)

Nikapiga gitaa kavu, bila pedali hata moja.

Baba wa bi harusi akanijia anatabasamu.
"Leo gitaa lako lasikika! Umenunua mashine mpya?"

Nikamwambia ndiyo, iko jikoni.