Kanda za Shangazi na Kibuyu cha Bibi

Nikikuta samli ya kienyeji sokoni Bariadi, harufu ile inanifungulia muziki kichwani. Msinicheke. Masikio haya niliyapata kwa shangazi, na namshukuru mpaka leo.

Msimu ule wanunuzi wa pamba walikuja wengi, wakagombania mizigo yetu. Shangazi akauza vizuri, akarudi na redio kaseti na kanda za kila aina. Bibi hakuitaka.

"Kelele zitaharibu maziwa. Kesho irudi mjini."

Roho iliniuma, maana nilikuwa nimeshaipenda.

"Mayu, sikiliza kwanza," shangazi akambembeleza mama yake.

Bibi akapakata kibuyu cha maziwa, akaanza kukisukasuka atoe siagi. Shangazi akaweka rege. Mkono wa Bibi ukapunguza mwendo. "Huyu ndiyo kwanza anaamka?" Ikaja taarabu. "Huyu anamsema jirani yake. Nikimfuata nitasahau kazi." Kwaya ikamfanya aache kibuyu kabisa na kufumba macho. "Nzuri, ila ya Jumapili."

Ikabaki kanda moja, ya dansi. Magitaa yalianza polepole, yakachangamka, na kibuyu kikayafuata, chwa, chwa, chwa, mpaka mabega ya Bibi yakaingia mchezoni. Mara maziwa yakabadilika sauti, yakawa mazito: siagi imeshikana.

Kanda ikaisha. Shangazi akanyoosha mkono azime redio.

"We, nani kakutuma?" Bibi akamkaripia. "Geuza upande wa pili."